Ijue Sheria ya Mauaji Kabla Hasira Haijakutangulia

"Sikukusudia, mheshimiwa jaji." Kauli hii husikika karibu kila Mahakama Kuu inapoketi kusikiliza kesi za mauaji, na mara nyingi anayeitoa anasema kweli. Hakuamka asubuhi akiwa na mpango wa kuua. Alitoka kwenda shambani, kilabuni au msibani kama siku zote, ugomvi ukazuka, mkono ukatangulia akili, na kabla jua halijazama kuna mtu amefariki. Hata hivyo wapo wengi waliosema hivyo kwa dhati ya moyo na bado wakatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Walidhani sheria inatafuta mpango. Sheria inatafuta nia, na nia inaweza kuzaliwa katika muda wa kuinua panga.

Ndugu msomaji, makala hii nimeiandika kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani na hawatarajii kukanyaga. Hao ndio wanaojikuta huko.

Makosa mawili, adhabu mbili

Tanzania Bara makosa haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Yote mawili yana msingi mmoja: mtu amekufa, na kifo chake kimesababishwa na kitendo au uzembe usio halali wa mtu mwingine. Kinachoyatenganisha ni kile ambacho sheria inakiita nia ovu. Ikiwepo, kosa ni mauaji ya kukusudia. Isipokuwepo, kosa ni kuua bila kukusudia.

Tofauti hiyo moja hubeba uhai wa mtu. Anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa hadi kufa, na jaji hana nafasi ya kuchagua nyingine. Wanaookolewa na sheria yenyewe ni aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa, na mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha. Ni kweli kwamba hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka 1994, lakini hukumu zinaendelea kutolewa na waliohukumiwa wanaishi miaka na miaka gerezani wakiisubiri. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo moja tu kunakiuka haki ya kuishi.

Kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha maisha ndicho kikomo cha juu. Chini ya hapo jaji anapima: mwingine atapewa miaka mingi, mwingine michache, na yupo atakayeachiwa kwa masharti kwa sababu ya mazingira ya tukio na muda aliokwisha kukaa mahabusu.

Nia ovu ni nini hasa

Hapa ndipo wengi hupotea. Sheria inataja hali nne, na moja ikithibitika inatosha.

Ya kwanza ni kukusudia kuua au kusababisha madhara makubwa mwilini. Soma tena sehemu ya pili. Aliyesema "nilitaka kumvunja miguu tu asirudi kuiba" amekiri nia ovu kwa kinywa chake, maana kumvunja mtu miguu ni madhara makubwa. Haijalishi pia kama pigo lilimkuta mtu mwingine badala ya yule aliyelengwa.

Ya pili ni kujua kwamba kitendo kinaelekea kuua au kudhuru vibaya, hata kama hujali kitakachotokea, hata kama unaomba kisitokee. Anayetia moto nyumba ya nyasi usiku akijua watu wamelala ndani hawezi kujitetea kwamba shida yake ilikuwa ni paa.

Ya tatu ni kuua ukiwa na nia ya kutenda kosa jingine zito, ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Mnyang'anyi aliyekwenda kupora akaishia kuua ameingia humu. Ya nne ni kuua kwa lengo la kumsaidia mhalifu kukimbia au kutoroka chini ya ulinzi.

Hakuna mahali sheria inapodai kwamba uwe umepanga kwa siku kadhaa.

Mpaka mmoja, vifo vinne

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa kila mkoa una yanayofanana nao. Mashamba mawili yamegawanywa na mstari wa minyaa. Msimu umefika, mwenye shamba la chini ameng'oa minyaa na kusogeza mpaka hatua tatu. Mwenye shamba la juu anamkuta.

Katika hali ya kwanza wanarushiana maneno, wa juu anamsukuma wa chini, naye anajikwaa na kuangukia jiwe kwa kisogo. Aliyesukuma anapiga kelele za kuomba msaada, anampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, na jioni mgonjwa anafariki. Kusukuma kulikuwa kosa, na mtu amekufa. Lakini hakuna silaha, ni msukumo mmoja, na mwenendo wa baadaye ni wa mtu aliyeshtushwa na alichofanya. Hii ni kuua bila kukusudia.

Katika hali ya pili wa chini ndiye anaanza kwa fimbo. Wa juu, jembe likiwa mkononi kwa kuwa alikuwa analima, anarudisha pigo moja la mpini, mwenzake anainama, na pigo linatua kichwani. Jaji atauliza: alikuwa anajihami? Nguvu aliyotumia ililingana na hatari? Sheria inampa mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali yake kwa nguvu inayostahili. Akiua kwa nguvu iliyopita kiasi katika kujilinda, sheria inasema ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Katika hali ya tatu wa juu anaondoka kimya. Anafika nyumbani, anamwambia mkewe, "Leo namaliza," anachukua panga, anarudi, anamkata shingoni mara mbili. Panga analificha darini, na usiku huohuo anapanda basi kwenda kwa shangazi yake wilaya nyingine. Tangu maneno ya kwanza hadi pigo la mwisho imepita saa moja tu. Hayo ni mauaji ya kukusudia.

Katika hali ya nne wa juu anawaita vijana wake, wanamlaza wa chini kifudifudi na kumpiga kwa nondo miguuni na kiunoni "ili ajifunze". Wanamwacha akivuja damu, naye anakufa kabla ya alfajiri. Hakuna aliyemgusa kichwa wala shingo, na huenda kweli hawakutaka afe. Lakini walitaka aumie vibaya, na hiyo inatosha.

Nimeinyambulisha mifano hii kwa sababu hakuna kipimo cha kuingia moyoni mwa mtu. Jaji anaisoma nia kwenye vitendo, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuweka mambo saba ya kuangalia, ambayo yametumiwa katika hukumu nyingi: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla, wakati na baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Rudi kwenye shamba letu uone: "Leo namaliza" ni ushahidi. Shingo ni ushahidi. Panga la darini ni ushahidi. Bodaboda ya kwenda zahanati nayo ni ushahidi, wa upande mwingine.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, bila kuacha shaka ya maana. Jaji akibaki na shaka ya maana kuhusu nia, shaka hiyo inamfaa mshtakiwa, na aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kukusudia anaweza kutiwa hatiani kwa kosa dogo la kuua bila kukusudia.

Hasira, pombe na imani ya uchawi

Sheria inamtambua binadamu anayeghadhibishwa ghafla. Aliyeua katika moto wa hasira iliyotokana na uchokozi wa ghafla, kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, kosa lake linashuka na kuwa kuua bila kukusudia, hata kama nia ilikuwepo. Uchokozi wenyewe hupimwa kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa, na lazima uwe umetendwa kwake au mbele yake kwa mtu wake wa karibu. Kukamatwa na askari kihalali si uchokozi.

Neno la kushika hapa ni ghafla. Mume anayefungua mlango na kumkuta mkewe na mwanamume mwingine yuko kwenye hali moja. Aliyeambiwa habari hizo juzi, akanunua kisu jana, akavizia leo, yuko kwenye nyingine kabisa. Hata safari ya kwenda ndani kuchukua silaha inaweza kuhesabiwa kuwa muda wa kupoa.

Pombe nayo huzungumzwa vibaya mitaani. Wapo wanaoamini kwamba mlevi hana kesi. Sheria inasema tu kwamba ulevi utazingatiwa katika kuamua kama mtu aliweza kuwa na nia ile. Ugomvi wa kilabuni, wote wamelewa, hakuna aliyekuja na silaha, mara nyingi huishia kwenye kuua bila kukusudia. Anayekunywa ili apate ujasiri wa kutekeleza alichokwisha kuamua, hasaidiwi na chupa.

Na uchawi. Tangu enzi za ukoloni mahakama za Afrika Mashariki zimekataa kwamba imani ya uchawi peke yake ni uchokozi. Wapo bibi zetu wa Kanda ya Ziwa waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi za miaka mingi. Anayeongozwa na ramli hadi kitandani kwa ajuza usiku ana nia ovu kamili, na aliyemtuma na kumlipa naye anahesabiwa kuwa mtenda kosa.

Wananchi wenye hasira kali

Magazeti yameizoea kauli hii hadi imekuwa kama jina la mtu. Kisheria, wananchi wenye hasira kali ni washtakiwa. Kanuni ya Adhabu ina kanuni ya nia ya pamoja: watu wawili au zaidi wakiungana kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatokea kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Aliyeleta tairi, aliyemwaga petroli, aliyemshika mikono asikimbie, aliyepiga teke moja akaenda zake kazini, wote wanaweza kusimama kizimbani pamoja kwa mauaji ya kukusudia. Kuwepo tu eneo la tukio bila kushiriki si kosa. Lakini usiku wa kelele za "mwizi!" ni nani atakayekumbuka kwamba wewe ulikuwa mtazamaji?

Sheria imekupa njia. Raia ana mamlaka ya kumkamata anayetenda kosa mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mfungeni kamba, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, pigieni kituo simu, na wazee wasimame kati ya mtuhumiwa na vijana. Mzazi, mwambie mwanao jambo hili leo akiwa na akili zake, maana kelele zikianza hatakusikia.

Alikuwa mgonjwa, hakupelekwa hospitali

Utetezi mwingine unaovunjika haraka ni wa kulaumu mwili wa marehemu. Kama kipigo chako kimeharakisha kifo cha mtu aliyekuwa tayari na maradhi, umesababisha kifo. Kama angepona endapo angetibiwa vizuri au angejitunza, bado umesababisha. Akifa kutokana na upasuaji uliotokana na jeraha ulilompa, unaendelea kuwajibika, ila ikiwa matibabu hayakuwa ya nia njema au hayakufuata ujuzi wa kawaida wa udaktari. Na kesi ya shambulio inaweza kugeuka ya mauaji iwapo majeruhi atakufa ndani ya mwaka mmoja na siku moja.

Kwa hiyo aliyemjeruhi mtu ana sababu zote, za utu na za kisheria, kuhakikisha anatibiwa. Mpelekeni hospitali mara moja. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3, inahitajika, lakini hali ikiwa mbaya damu izuiwe kwanza, fomu ifuate.

Ukiwa mtuhumiwa, au nduguyo akiwa mtuhumiwa

Jisalimishe kituo cha polisi. Kukimbia kwenyewe si hatia, lakini ni mwenendo, na umeona mwenendo unavyosomwa. Usioshe nguo, usifiche silaha, usitunge hadithi na mashahidi.

Kituoni una haki ya kuelezwa kosa unalotuhumiwa, kukaa kimya, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kwa kawaida polisi wanatakiwa kuchukua maelezo yako ya onyo ndani ya saa nne tangu ukamatwe, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Ukiamua kueleza, eleza yote: nani alianza, mlikuwa na nini mikononi, mapigo mangapi, ulifanya nini baadaye. "Ndiyo, nilimpiga akafa" ikisimama peke yake inafuta mazingira yote yanayotofautisha kosa kubwa na dogo. Omba usomewe kabla ya kutia saini au dole gumba, na kama kuna neno ambalo si lako, sema. Ukipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa anayeandika maelezo ya mtu anayekiri kosa, atakuuliza kama umepigwa au umetishwa. Kama imetokea, hapo ndipo pa kusema na kuonyesha alama mwilini.

Utafikishwa kwanza mahakama ya chini, na hutatakiwa kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Shauri litatajwa na kuahirishwa mara nyingi upelelezi ukiendelea, kisha litahamishiwa Mahakama Kuu. Mauaji ya kukusudia hayana dhamana. Kuua bila kukusudia kunaweza kuombewa. Familia nyingi huuza ng'ombe na kiwanja kumhonga mtu aliyeahidi kumtoa ndugu yao kwa dhamana ambayo sheria haiijui. Msikubali.

Asiye na uwezo hupewa wakili na Serikali kwa kesi hizi. Mwambie wakili huyo ukweli wote, hata unaokuaibisha. Upande wa mashtaka unaweza kukubali kosa lishushwe na mshtakiwa akiri kuua bila kukusudia, na njia hiyo hutumika sana ambapo ushahidi wa nia ni hafifu. Lakini kiri kosa ulilotenda tu. Aliyekuwa hayupo kabisa asikubali kifungo kwa kuchoka mahabusu. Ukihukumiwa na hukuridhika, taarifa ya rufani kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30.

Kwa wasomaji wa Kenya, makosa ni hayohayo mawili lakini utaratibu una tofauti muhimu. Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu dhamana hata kwa mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inapingana na Katiba, hivyo jaji anaweza kupima adhabu. Zanzibar nayo ina sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake.

Ukiwa upande wa marehemu

Msiba usiwaondoe katika haki. Msizike kabla daktari hajafanya uchunguzi wa maiti, kwa kuwa ripoti yake ndiyo itakayosema mapigo mangapi na wapi. Msifagie eneo. Andikeni majina ya walioona na mliyosikia yakisemwa, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Mkiitwa kutoa ushahidi, nendeni hata kama ni miaka mitatu baadaye, maana shahidi asiyefika ndiye anayeiua kesi.

Wazee wakipatanisha koo mbili kwa ng'ombe au fedha za fidia, amani hiyo ni njema kwa kijiji, lakini haifuti shtaka. Mlalamikaji ni Jamhuri. Na mshtakiwa akitiwa hatiani kwa kosa dogo, haina maana kwamba damu ya ndugu yenu imedharauliwa. Ina maana kwamba nia haikuthibitika kwa kiwango ambacho sheria inadai kabla ya kumhukumu mtu kifo, na kiwango hichohicho kitamlinda mwanenu siku akisingiziwa.

Mwisho, angalieni vifo hivi vinatoka wapi. Vingi havidondoki kutoka mbinguni: ni mpaka uliolalamikiwa misimu miwili, mirathi ambayo haijagawanywa tangu baba azikwe, mke anayepigwa na majirani wakasema ni mambo ya ndani. Mpaka upelekwe Baraza la Kata lisuluhishe mapema. Mirathi ifunguliwe mahakamani. Anayepigwa asindikizwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, wala asiachwe aende peke yake. Mnaojua ugomvi unaochemka mtaani kwenu, ulizaneni wiki hii ni nani ataanza kuwaita wahusika mezani.